Unga umegoma kushuka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupima mtiririko wa unga viwandani

Unga tunaouzungumzia hapa si wa ugali peke yake. Ni saruji, chokaa, maziwa ya unga, magadi, sabuni ya unga, chakula cha mifugo, poda ya dawa inayosubiri kubanwa iwe vidonge, hata unga wa chuma unaotengenezewa vipuri. Vyote vina tabia moja inayochosha: leo vinashuka vyenyewe, kesho vinagoma. Maswali haya ni yale ambayo mafundi, watu wa maabara na wasimamizi wa shifti huuliza zaidi. Yamejibiwa kwa mtu ambaye ana hopa (chombo chenye umbo la faneli kinachoshushia unga) inayomsumbua na hana muda wa kusoma vitabu.

Kwa nini nipime, na unga naona kwa macho yangu kwamba unashuka?

Unauona unashuka leo, kwenye hopa hii, ukiwa umeingia saa mbili zilizopita. Je, ukilala humo kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi? Je, msambazaji akileta mzigo uliosagwa laini zaidi kidogo? Macho hayakupi jibu la maswali hayo mapema. Yanakupa jibu siku mashine imesimama na lori linasubiri getini.

Halafu hasara haiji kwa kukwama tu. Mashine ya vidonge haipimi unga kwa mizani. Inajaza tundu, kisha inabana. Unga ukiingia kwa kusitasita, kidonge kimoja kinakuwa chepesi na kinachofuata kinakuwa kizito. Kanuni za dawa za Uingereza (British Pharmacopoeia) zinasema kwamba kwa vidonge vya miligramu 250 na kuendelea, kati ya 20 vinavyopimwa ni viwili tu vinavyoruhusiwa kupotoka zaidi ya asilimia 5 ya wastani. Mtiririko mbaya unakuangusha kwenye kipimo hicho hata kama dawa yenyewe imechanganywa vizuri. Kwenye mifuko ya saruji au ya unga wa ngano mambo ni hayo hayo: ukijaza pungufu mteja analalamika, ukijaza zaidi unatoa bure.

Ni nini hasa kinachoufanya unga ugome?

Chembe zinashikana. Uzito wa chembe unaivuta chini, na mvutano mdogo kati ya chembe na chembe unaizuia isiende. Chembe ikiwa kubwa, uzito unashinda bila taabu. Ndiyo maana sukari ya kawaida, yenye punje za karibu nusu milimita, inamiminika. Chembe zikishuka chini ya takriban maikromita 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita, mshikamano unaanza kutawala, na chini ya maikromita 20 hivi unakuwa bwana wa nyumba. Hesabu yake ni hii: uzito wa chembe unapungua kwa kipenyo kilichopigwa kipeo cha 3, ilhali mvutano kati ya chembe unapungua kwa kipenyo chenyewe tu. Ukisaga hadi kipenyo kiwe nusu, nguvu ya kushikana ikilinganishwa na uzito inakuwa mara nne.

Yapo mengine pia. Umbo: chembe duara zinateleza, zile za sindano na magamba zinafumana. Unyevu: maji kidogo sana yanajenga vidaraja kati ya chembe. Mafuta: maziwa ya unga yenye mafuta yote yanaanza kunata joto likipanda, kwa sababu mafuta yanalainika. Umeme tuli: unga mkavu mno unang'ang'ania plastiki. Na historia: unga uliobanwa, uliosafiri kilomita 600 kwenye lori, si ule uliotoka kinuni hata kama cheti chake ni kile kile.

Basi kuna namba moja inayoniambia kama unga wangu unatiririka vizuri?

Hakuna, na mtu akikuuzia kifaa kwa ahadi hiyo muulize maswali zaidi. Unapopima msongamano wa chuma unapima chuma. Unapopima mtiririko unapima unga, hali uliyomo, na chombo kilichoushika, vyote kwa pamoja. Unga uleule unaweza kupita vizuri kwenye skrubu ya kulishia na ukakwama kwenye silo (ghala refu la unga) ya mita 15, kwa sababu kwenye silo umebebeshwa uzito wake wenyewe.

Kwa hiyo swali la kuanzia si "kipimo gani ni bora?" bali "unga wangu unapitia nini pale unaposumbua?" Ukikwama baada ya kukaa chini ya mzigo, tafuta kipimo kinachoubana kwanza. Ukisumbua pale unapomwagika huru kwenye tundu dogo, tafuta kipimo cha kumwagika. Karibu kila jibu linalofuata linatokana na hilo.

Nina rula, faneli na meza. Naweza kupima nini?

Pembe ya kichuguu. Mwaga unga taratibu kupitia faneli uache ujijengee kilima, kisha pima mwinamo wake. Kilima kilicholala kinaonyesha unga unaokwenda. Kilima kirefu chenye ncha kinaonyesha unga unaoshikana.

Jinsi ya kuifanya ndiyo inayoamua kama namba ina maana. Tumia sahani ya duara yenye ukingo mdogo, ili kitako cha kilima kiwe na kipenyo kilekile kila mara na unga wa ziada umwagikie nje. Meza isitetemeke, ukiwa karibu na kinu, subiri kisimame au hama chumba. Faneli uinue kadiri kilima kinavyokua, mdomo wake ubaki sentimita 2 hadi 4 juu ya ncha. Ukimwaga kutoka juu sana, unga unaoanguka unaipondaponda ncha na utapata pembe nzuri ya uongo. Kisha pima kimo, ugawe kwa nusu ya kipenyo cha kitako. Hiyo ni tanjenti ya pembe. Kilima cha sentimita 4.5 kwenye sahani ya sentimita 10 kinatoa 0.9, yaani nyuzi 42.

Jedwali linalotumiwa na wengi, lililomo pia kwenye kanuni za dawa za Marekani (USP), linasema hivi: nyuzi 25 hadi 30 ni bora kabisa, 31 hadi 35 nzuri, 36 hadi 40 wastani, 41 hadi 45 inavumilika, 46 hadi 55 mbaya. Kuanzia 56 huna haja ya maabara kukwambia. Utakuwa umeshashika nyundo ya kugongea hopa.

Unga unaoshikana sana hautengenezi kilima cha maana. Unashuka kwa mabonge, upande mmoja umesimama wima kama ukuta, upande mwingine umebomoka. Usilazimishe wastani wa pembe mbili zisizofanana. Andika "haupimiki kwa njia hii" na uende kwenye kipimo kingine. Hayo nayo ni matokeo.

Kielelezo cha Carr na uwiano wa Hausner ni vitu viwili tofauti?

Ni kitu kimoja kilichovikwa nguo mbili. Mhandisi Ralph Carr alichapisha mfumo wake wa kuainisha unga mwaka 1965. Jina la Hausner limetokana na kazi yake ya mwaka 1967 juu ya unga wa metali. Wote wawili wanauliza swali ambalo kila aliyenunua unga kwa debe sokoni analijua: muuzaji akimimina tu, debe linajaa, mnunuzi akiligonga chini mara kadhaa, unga unashuka na nafasi inatokea. Nafasi hiyo ikiwa kubwa, unga ulikuwa umejishikilia wenyewe kwa mshikamano, umebeba hewa ndani. Ikiwa ndogo, chembe zilikuwa zimeshapangana zenyewe.

Maabara, chukua gramu 100, mimina bila kushindilia kwenye silinda ya kupimia ya mililita 250, soma ujazo. Kisha mashine ya kugonga iigonge mara 10, mara 500, hadi 1,250, usome kila hatua. Tofauti kati ya ujazo wa 500 na wa 1,250 isipozidi mililita 2, umefika. Ikizidi, gonga tena 1,250.

Tuseme ulimimina ukasoma mililita 185, na mwisho wa kugonga ukasoma 148. Tofauti ni 37. Gawa kwa 185 uzidishe kwa 100: kielelezo cha Carr ni asilimia 20. Gawa 185 kwa 148: uwiano wa Hausner ni 1.25. Ukiwa na mmoja unao mwingine, kwa hiyo ripoti inayoviweka vyote viwili kama ushahidi wa aina mbili inajaza karatasi tu. Hadi asilimia 10 ni bora kabisa, 11 hadi 15 nzuri, 16 hadi 20 wastani, 21 hadi 25 inavumilika, 26 hadi 31 mbaya, na kupanda zaidi ni matatizo matupu.

Kosa linaloharibu kipimo hiki kuliko yote liko kwenye kumimina, si kwenye kugonga. Mtu mmoja anamimina kwa sekunde tatu, mwenzake kwa sekunde ishirini. Mmoja anaigusa silinda ili kusawazisha juu, mwingine anasawazisha kwa kijiti. Mkubaliane njia moja na muiandike ukutani. Na silinda ndogo ya mililita 100 au 50 isilinganishwe na ya 250, maana ukuta wa silinda nyembamba unaushikilia unga.

Kipimo cha faneli yenye tundu kinafaa lini?

Kinafaa pale unga wako unapokwenda vizuri na unataka kujua unakwenda kwa kasi gani. Kwenye unga wa metali kipimo cha faneli ya Hall ndicho kinachotumika: gramu 50 zinapita kwenye tundu la milimita 2.54, na sekunde zinahesabiwa. Unga wenye chembe ndogo ukigoma kwenye Hall, kuna faneli ya Carney yenye tundu la kipenyo mara mbili. Wanaochapisha vipuri kwa leza wanauangalia sana usomaji huu, kwani unga usiotandazika sawasawa unaacha matundu ndani ya chuma.

Kwa unga wa vyakula na wa saruji, Hall haitakwambia kitu, hautapita. Tengeneza seti ya sahani zenye matundu ya ukubwa tofauti, anza na kubwa ushuke, na uandike tundu dogo kabisa ambalo unga umepita mara tatu mfululizo bila kuguswa. Ni kipimo cha bei ya fundi wa karakana, na opereta anakielewa mara moja.

Jambo moja linawashangaza wengi. Tangi la maji likijaa, maji yanatoka kwa kasi zaidi. Unga haufanyi hivyo. Kimo cha unga ndani ya chombo kikishapita kiasi fulani, kasi ya kutoka haibadiliki, kwa sababu kuta zinabeba sehemu ya uzito kwa msuguano. Mhandisi Mjerumani H. A. Janssen alieleza jinsi kuta zinavyobeba uzito huo mwaka 1895, akichunguza mkandamizo wa nafaka kwenye silo. Kinachoamua kasi ni ukubwa wa tundu, tena kwa nguvu sana: kwa mlinganyo wa Beverloo wa mwaka 1961, kiasi kinachotoka kinapanda kwa kipenyo kilichopigwa kipeo cha 2.5. Ukiongeza kipenyo mara mbili, unapata zaidi ya mara tano na nusu. Mlinganyo huo ni wa punje zinazomiminika huru kama mchanga na ngano. Usiutumie kwa saruji.

Kipimo cha mkato ni nini, na kwa nini kila mtaalamu wa silo anakitaka?

Kwa sababu ndicho kinachoubana unga kwanza halafu kikaupima. Vipimo vyote vya juu vinauangalia unga ukiwa huru au umegongwagongwa kidogo. Ndani ya silo unga uko chini ya mzigo.

Msingi wake uliwekwa na Andrew Jenike, mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi yake Chuo Kikuu cha Utah huko Marekani. Chapisho lake la mwaka 1964, Bulletin 123, bado ndilo linalotumika kusanifu silo. Kifaa chake ni sahani ya chini, pete juu yake, na kifuniko. Unga unajazwa, unawekewa uzito, kisha pete inasukumwa pembeni polepole hadi tabaka la juu liteleze juu ya la chini. Nguvu iliyohitajika inaandikwa. Uzito unapunguzwa, unga mpya unabanwa vilevile, unakatwa tena. Kutokana na nukta kadhaa za namna hiyo unapata mambo mawili: unga ulibanwa kwa mkazo kiasi gani, na baada ya kubanwa huko umepata uimara kiasi gani wa kusimama peke yake bila kuta.

Gawa la kwanza kwa la pili. Ukipata chini ya 1, unga haushuki kabisa. Kati ya 1 na 2 unashikana sana, 2 hadi 4 unashikana, 4 hadi 10 unatiririka kwa urahisi, zaidi ya 10 unamiminika huru. Unga uliobanwa kwa kilopaskali 6 ukapata uimara wa kilopaskali 1.5 una 4, yaani uko mpakani. Lakini namba hiyo lazima itajwe pamoja na mkazo wake. Unga uleule ukipimwa kwa kilopaskali 1 na kwa kilopaskali 10 hutoa namba mbili tofauti, na kwa kawaida ile ya mkazo mdogo ndiyo inayoonekana mbaya.

Kifaa cha Jenike kinataka mkono wenye mazoezi na subira. Kupata seti moja ya nukta hizo kunaweza kula nusu siku. Ndiyo maana maabara nyingi sasa zinatumia vifaa vya pete inayozunguka, kama cha Mjerumani Dietmar Schulze, ambamo unga unakatwa kwa kuzungushwa bila kikomo cha umbali na kompyuta inafanya hesabu.

Namba hizo zinanisaidiaje kujua ukubwa wa mdomo wa hopa?

Hapa ndipo kipimo kinapolipa gharama yake. Unga unapokwama mdomoni, umejenga kuba: umejipinda kama dari na kujishikilia kwenye kuta mbili. Kuba linabomoka pale uzito wake unapozidi uimara wake. Kwa hopa ya mviringo, kipenyo cha chini kabisa kinakaribia 2.2 mara uimara wa unga (kwa mkazo ulioko hapo mdomoni), ugawe kwa msongamano wa unga na kwa 9.81.

Chukua unga wenye uimara wa paskali 1,000 na msongamano wa kilo 600 kwa mita ya ujazo. Ukipiga hesabu unapata karibu sentimita 37. Hopa ya mdomo wa sentimita 20 haitafanya kazi, na hakuna opereta mwenye bidii atakayeibadilisha hali hiyo. Ukifanikiwa kuushusha uimara hadi paskali 400, kwa kuongeza kiungo cha kutelezesha au kwa kukausha, mdomo wa sentimita 15 unatosha. Na ukitumia mdomo mrefu badala ya duara, upana unaohitajika unapungua hadi karibu nusu, ilimradi urefu uwe angalau mara tatu ya upana na kifaa cha chini kinyonye unga kwenye urefu wote. Skrubu yenye hatua zinazolingana mwanzo hadi mwisho hainyonyi hivyo. Inachota upande wa nyuma tu, na mbele unga unalala.

Unga unatoka katikati tu, pembeni umebaki umeganda. Tatizo liko kwenye unga au kwenye silo?

Kwenye makutano ya hivyo viwili: msuguano wa unga na ukuta. Ukuta ukiwa mlalo mno au mkwaruzo, unga wa pembeni hausogei. Unatokea mfereji wima katikati, kama kisima, na wa pembeni unazeeka humo kwa wiki na miezi. Kwa saruji ni kero. Kwa chakula ni hatari, kwa sababu kilichoingia kwanza kinatoka mwisho.

Kipimo chake ni kilekile cha mkato, isipokuwa sahani ya chini inaondolewa na kuwekwa kipande cha ukuta halisi. Nasisitiza neno halisi. Peleka maabara kipande cha bati litakalotumika, kikiwa na rangi au bitana yake, na kama silo ni ya zamani, kipande chenye kutu kama kilivyo. Chuma cha pua kilichong'arishwa na chuma cheusi chenye kutu vinaweza kutofautiana kiasi cha kubadilisha mwinamo wote wa koni.

Saruji yetu inakwama, halafu ghafla inamwagika kama maji na kujaza chumba. Inawezekanaje vitu viwili vinavyopingana?

Vina chanzo kimoja. Unga laini unashika hewa na kuiachia polepole. Kuba au kisima kikiporomoka, unga unaoanguka unachanganyika na hewa na kwa dakika kadhaa unakuwa kimiminika. Valvu iliyosanifiwa kwa unga haiwezi kuuzuia. Hapa pembe ya kichuguu haikusaidii. Pima muda wa kuachia hewa: puliza hewa kutoka chini ya silinda hadi unga uinuke, funga, kisha saa ikimbie ukiangalia uso wa unga ukishuka. Ukichukua dakika nyingi, usijaze silo kwa kasi na kuitoa wakati huohuo.

Sampuli nichukue wapi?

Popote unga unapotembea, usichukue pale ulipolala. Juu ya kiroba kuna chembe tofauti na chini, kwa kuwa mtikisiko wa safari unazichambua: kubwa zinapanda, ndogo zinapenya chini. Kata mkondo wote unaoanguka, kidogokidogo, mara nyingi, badala ya kuchota kopo moja pembeni. Ukifika maabara usichote tena kutoka juu ya ndoo. Gawanya kwa kigawanyio au kwa njia ya kufanya kilima na kukikata robo nne.

Masika namba zinaharibika. Tupime tena au tuzikubali?

Zikubali, kwa sababu ndivyo unga wenu ulivyo masika. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa unyevu wa hewa asubuhi hupita asilimia 80 mara nyingi, na unga unaovuta maji unabadilika ndani ya saa moja ukiachwa wazi. Maabara yenye kiyoyozi inapima unga ambao kiwandani haupo. Mimi ningeandika joto na unyevu wa hewa kwenye kila ripoti, nikapima sampuli moja mara mbili: ikitoka tu kwenye mfuko uliofungwa, na ikiwa imekaa wazi kando ya mashine kwa muda ambao unga hukaa humo kwa kawaida. Tofauti ya hizo mbili ndiyo ya kumpelekea meneja anayekataa kununua kikausha hewa.

Kuna pia kipimo cha kulala: unga unabanwa kwa mzigo, unaachwa saa 24 au wikendi nzima, kisha ndipo unakatwa. Sukari, mbolea na chumvi zinaweza kuonekana safi kabisa zikiwa mpya na zikawa jiwe baada ya hapo. Anayefunga kiwanda Jumapili asikiruke kipimo hiki.

Hopa yetu imejaa alama za nyundo. Tufunge vaibreta?

Alama za nyundo zina habari. Angalia ziko kimo gani: hapo ndipo kuba linapojengeka. Zikiwa zimezunguka mdomo pande zote, mdomo ni mdogo. Zikiwa upande mmoja juu zaidi, ukuta wa upande huo hauuachii unga uteleze. Kila mbonyeo pia unaacha uvimbe ndani unaoukamata unga unaofuata, kwa hiyo nyundo inazaa nyundo.

Vaibreta inasaidia ikiwa inawaka wakati mdomo uko wazi tu. Ikitetemeka mdomo ukiwa umefungwa, inaushindilia unga kama ile mashine ya kugonga silinda, na uliyemsaidia ni mshikamano.

Nikiongeza silika au magnesiamu steareti si yataisha?

Pengine. Silika laini inajibandika juu ya chembe na kuzitenganisha, na mara nyingi chini ya asilimia 1 inatosha. Ikizidi, mtiririko unarudi kuwa mbaya. Kwa vidonge, magnesiamu steareti ikichanganywa kwa muda mrefu inazivika chembe zote, kidonge kinakuwa laini na kinachelewa kuyeyuka. Pima kwa hatua ndogondogo, na kwa chakula zingatia kiwango kinachoruhusiwa kisheria.

Vifaa vipya vyenye pangaboi au ngoma inayozunguka vina faida?

Vinayo. Ngoma inakuonyesha jinsi unga unavyoporomoka ukiwa mwendoni, na pangaboi linapima nishati inayotumika kuuvuruga. Ni vizuri sana kulinganisha mzigo wa leo na wa mwezi jana, kwa haraka na bila mkono wa mtu kuingilia. Usijaribu kusanifia silo kwa namba hizo peke yake.

Matokeo yote ni mazuri na mashine bado inakwama. Sasa?

Toka maabara. Tafuta flanji iliyoingia ndani milimita chache, gasketi iliyochungulia, weldi isiyosawazishwa, valvu inayofunguka nusu, chujio la hewa lililoziba likafanya hewa ipande kinyume na unga unaoshuka. Hewa inayopanda, hata kidogo, inaweza kuubeba unga laini usishuke, na hakuna kipimo cha silinda kitakachoionyesha hewa hiyo.

Na mtu yeyote asiingie ndani ya silo kuvunja kuba kwa mti. Linaporomoka bila kubisha hodi na kumfukia aliye chini yake au aliyesimama juu yake. Wala usipulize vumbi la unga wa ngano au mahindi kwa hewa ya kompresa kusafisha. Vumbi hilo likiwa hewani linalipuka likipata cheche.

Kiwanda chetu ni kidogo. Tununue nini kwanza?

Mizani nzuri, silinda ya mililita 250 na mashine ya kugonga, ungo za kuchekechea, kipima unyevu wa hewa, na ile seti ya sahani zenye matundu kutoka karakana. Kwa hivyo unaweza kukagua kila mzigo unaoingia na kuweka mpaka wako mwenyewe: mzigo uliopita vizuri ulikuwa na Carr ngapi, uliokwama ulikuwa na ngapi. Mpaka uliotokana na mashine yako una thamani kuliko jedwali lolote, hata kama jedwali linauita unga wako "wastani".

Kipimo cha mkato usikinunue; kikodi. Tuma kilo chache za unga na kipande cha bati kwa maabara inayokifanya, kabla hujasaini michoro ya silo, na umwambie unga utalala humo siku ngapi.